Wageni, Toa Moja

Ukifika Kolwezi, mtaa wa Manika, ukauliza nyumba ya mwalimu Rémy Mukalay, huenda watu wakakutazama tu. Uliza nyumba ya Tata Vekta. Hapo hata mama muuza makaa ataacha biashara yake akupeleke mpaka mlangoni, akikucheka njia nzima.

Jina hilo alilipata baada ya chuo anachofundisha takwimu kumpeleka Lubumbashi juma zima, kujifunza R. R ni lugha ya kompyuta ya watu wa takwimu. Jina lake ni herufi moja tu, na Rémy aliipenda kuanzia hapo. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, na maisha yake yote alikuwa amefundisha kwa chaki na kikokotoo kilichofungwa kwa mpira wa ndani ya tairi. Alipoona mtu akiandika neno moja, na msururu mzima wa namba ukazidishwa kwa mpigo kama askari waliosikia amri, moyo wake ulihama. Mke wake, Mama Wivine, husema kwamba kama mumewe angerudi na mwanamke wa Lubumbashi, angalau yeye angejua ni nani wa kumtukana.

Tangu hapo Rémy hakuona tena vitu, aliona vekta na matrisi. Vekta, alimweleza yeyote aliyekosea akasimama karibu naye, ni vitu vilivyopangwa foleni, kila kimoja na namba yake, kama ndoo bombani. Matrisi ni foleni hiyohiyo iliyokunjwa ikawa na mistari inayolala na safu zinazosimama. Malori ya shaba yaliyokwama njia ya mpakani yalikuwa vekta. Trei ya mayai ilikuwa matrisi. Siku moja sokoni alimwomba muuzaji yai la mstari wa pili, safu ya tatu. Yule mama alimpa yai, akamrudishia na pesa yake.

"Enda nayo tu, Tata," alisema. "Na lopitalo iko pale karibu, batakupima kichwa."

Basi binti yake wa kwanza, Tatiana, alipochumbiwa na Mechack, fundi wa malori ya machimbo yaitwayo Mashamba, kamati ya arusi ilikaa sebuleni kwa Rémy kugawana kazi. Huyu chakula, yule muziki, wale mapambo. Ilipofikia mpango wa viti, Rémy alisimama kana kwamba ameitwa mbinguni.

"Ile ya kukalisha batu, mutaniachia miye."

"Rémy," alisema Mama Wivine, "arusi si darasa."

"Arusi ni matrisi," alijibu Rémy. "Meza kumi, biti munane kila meza. Meza ni mistari, biti ni safu. Mashini itapanga yote kabla weye hujamaliza kuchambua majani ya sombe."

Na kwa haki ya Mungu, mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Aliandika vekta ya majina themanini kwa mpangilio wa heshima. Wanane wa kwanza ni wakubwa wa pande mbili, wao wangekaa meza ya kwanza. Kisha ndugu, kila tawi na meza yake. Watu wa kanisa, wasioonja pombe, meza ya tatu. Mafundi wenzake Mechack, wanaoionja sana, meza ya tisa. Mama Wivine alipewa karatasi ya vyakula na vinywaji iliyoandikwa kwa mkono: limonadi meza ya tatu, makreti ya bia meza ya tisa, na meza ya kwanza samaki wasio na miiba, kwa ajili ya meno ya wakubwa.

Jina la kwanza kabisa lilikuwa la Tata Mwamba, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Rémy. Mzee huyu aliishi Sandoa, akifanya biashara ya mahindi, na ndiye mkubwa wa ukoo. Bila yeye hakuna mdomo wa kumkabidhi bibi arusi. Jina la pili lilikuwa la Mama Mamie, shangazi aliyemlea Mechack, muuza samaki wa barafu ambaye sauti yake sokoni haikuwahi kuhitaji kipaza sauti.

Jina la mwisho lilikuwa la binamu mmoja wa Tenke, mfanyakazi wa reli. Na huyo, jioni ya kuamkia arusi, akapiga simu kusema kwamba amewekwa zamu, haji.

Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Betri ya kompyuta ilikuwa inapumua pumzi za mwisho. Rémy akaketi haraka kumwondoa yule binamu.

Zamani kidogo, kabla ya Lubumbashi, aliwahi kuonja lugha nyingine ya kompyuta, ambayo ukiiandikia "moja ya kutoa" inakuelewa kwamba unamtaka wa mwisho. R haina tabia hiyo. R ukiiandikia wageni toa moja, inamchukua namba moja, wa kwanza kabisa, na kumtupa nje. Rémy alilijua hilo. Alikuwa amewakata wanafunzi alama kwa kosa hilohilo. Lakini hata mpishi anajua chungu ni cha moto, na bado anaungua.

Akaandika: wageni, toa moja. Tata Mwamba akatoka kimyakimya. Binamu wa Tenke, ambaye haji, akabaki.

Kisha akaiambia R ikunje majina hayo kuwa mistari kumi na safu nane. Sasa R ina desturi yake: usipoiambia vinginevyo, hujaza matrisi kutoka juu kwenda chini, safu baada ya safu, si mstari baada ya mstari. Kuiambia vinginevyo ni neno dogo tu. Rémy, jicho likiwa kwenye betri, hakuliandika. Na kwa kuwa majina yalipungua moja, R ilipofika kiti cha mwisho ikakuta haina mtu, ikafanya inavyofanya siku zote vitu vikipungua: ikarudi mwanzo wa foleni na kumchukua wa kwanza tena. Wa kwanza sasa alikuwa Mama Mamie.

R haikuficha kitu. Ilimwandikia maneno mekundu kumwambia kwamba majina na viti havilingani.

"Onyo tu," alijisemea Rémy. "Si kosa."

Akamtumia mpango huo Merdi, binti wa jirani aliyepewa usimamizi wa mlangoni, na kompyuta ikazimika.

Siku ya arusi, ukumbi wa parokia ulipendeza. Merdi alisimama langoni na simu yake mkononi, sare ya kitenge imemkaa, akimwonyesha kila mgeni meza yake. Rémy alikuwa amesimama jukwaani na suti yake ya kijivu, mikono nyuma, akingoja kuiona matrisi yake ikijaa.

Ilijaa. Na kadiri ilivyojaa, ndivyo tabasamu lake lilivyopungua.

Meza ya tisa, mke wa mchungaji alikuwa amekaa mbele ya kreti la bia, akilitazama kama mtu aliyekuta nyoka kitandani. Meza ya tatu, fundi mmoja mwenye mikono kama koleo alikuwa ameshika chupa ya limonadi, akiizungushazungusha kutafuta labda imeandikwa kitu kingine upande wa pili. Meza ya kwanza, ya wakubwa, alikaa mkubwa mmoja tu. Wengine walikuwa mtoto wa shule, katekista, mpiga ngoma, na fundi mmoja aliyekwisha maliza samaki wasio na miiba.

Rémy akashuka, akapita kati ya meza akihesabu kwa kidole. Wa kwanza meza ya kwanza, wa pili meza ya pili, wa tatu meza ya tatu...

"Safu!" akapaza sauti. "Imejaza kwa safu!"

"Amina," akajibu mchungaji, aliyedhani maombi yameanza.

Hapo ndipo Merdi alipokuja mbio, viatu mkononi.

"Tata Rémy, kuya mbio. Kuko muzee mumoja ku mulango, mu pikapu. Jina yake haiko."

"Muzee gani?"

"Anasema anaitwa Mwamba. Nimetafuta mara tatu. Mwamba haiko. Mama Mamie njo iko, na iko mara mbili."

Rémy alihisi suti ikimbana. Alipofika langoni alimkuta baba yake mkubwa ndani ya pikapu iliyojaa vumbi la njia nzima ya Sandoa, magunia ya unga nyuma, kuku wamefungwa miguu. Mzee alikuwa amevaa koti lake jeusi na kofia. Alikuwa anatazama mbele, kama dereva, ingawa dereva alikwisha ingia ndani. Jina lake yeye lilikuwepo.

"Tata, yambo. Mushuke, tafazali."

"Nani anashuka?" aliuliza Tata Mwamba. "Ule mutoto amesoma majina ya bazima bote. Yangu haiko. Njo kusema mi nimekufa. Na mufu hashuke mu motokari kwa miguu yake."

"Tata, ni mashini. Nilitaka kutoa mutu wa mwisho, nayo ikatoa wa kwanza."

"Wa kwanza ni nani?"

"Ni weye, Tata."

"Na uliandika 'toa'?"

"Niliandika toa."

"Basi mashini yako haina kosa," alisema mzee. "Inasikia kuliko batoto bangu. Enda, kula bukari yako. Kesho mutakuja kunizika."

Akapandisha kioo.

Rémy akarudi ndani mbio. Akili yake ilimwambia kwamba kiti cha heshima kikipatikana, mzee atashuka. Kiti hicho, cha mbele kabisa, chenye mikono na kitambaa cheupe, kilikuwa kimekaliwa na Mama Mamie kwa ukamilifu wake wote. Rémy akainama, kwa sababu shangazi wa mkwe haombwi ukiwa umesimama wima.

"Mama, mutanisamehe. Ku meza ya kumi kuko kiti yenu ingine. Kama mungekubali kusogea kule..."

"Tata Rémy," alisema Mama Mamie, taratibu, kama anayepima samaki, "mumenialika mara ngapi?"

"Karatasi inasema... mara mbili."

"Mara mbili. Tangu mama yangu anizae, hakuna mutu aliniheshimu vile. Nimeita na dada zangu kwa telefone, nimebaambia: hawa bakwe bananijua. Na sasa munataka kunipunguzia moja?"

"Hapana, Mama, ni vile mutu hawezi kukaa ku biti mbili."

"Anaweza. Mukoba yangu iko ku ya pili."

Na kweli, kwenye meza ya kumi, karibu na jenereta, mkoba mweusi ulikuwa umekaa kitini, na mtu mwenye adabu alikuwa ameuwekea sahani.

Rémy alikwenda nyuma ya jikoni, akafungua kompyuta, iliyokwisha chajiwa kwa jenereta ya ukumbi, juu ya gunia la makaa. Kulikuwa na amri moja inayogeuza matrisi, mistari ikawa safu na safu zikawa mistari. Aliiandika. Kwa kufumba na kufumbua ndugu walirudi pamoja, watu wa kanisa pamoja, mafundi pamoja, naye akakaribia kulia kwa furaha, mpaka Merdi, aliyekuwa akichungulia begani, akauliza:

"Tata, sasa ni meza munane za batu kumi. Biti ni munane munane. Bale bawili-bawili batakaa wapi?"

Rémy alianza kueleza kitu kuhusu vipimo. Kifuniko cha kompyuta kikashuka juu ya vidole vyake. Aliyekishusha alikuwa Mama Wivine, mwiko mkononi.

"Inatosha," alisema. "Tata Mwamba iko mu pikapu anangoja kuzikwa, nawe unageuza meza mu kompyuta. Nani atamutoa mule?"

"Nimeomba, amekatala."

"Weye si mutu wa kumuomba. Niitie Tatiana."

Bibi arusi alikuwa chumba cha pembeni, ameshavikwa, anangoja wimbo wa kuingilia. Alipoelezwa alicheka mpaka poda ikapasuka. Yeye na mzee Mwamba walikuwa na mambo yao. Babu na mjukuu huku hutaniana, na tangu Tatiana hajaota meno mzee alimwita "bibi yangu," naye akamwita "bwana yangu," na kila mzee alipokuja kutoka Sandoa Tatiana alimdai talaka kwa sababu hakuleta karanga za kutosha.

"Bwana yangu amekufa, na hakuna mutu aliniambia?" alisema.

Akavua viatu. Akafunga kitenge juu ya gauni jeupe, shela akaifunga kiunoni kama mfiwa. Akatoka hivyo mpaka langoni, akatandika mkeka karibu na tairi la pikapu, akakaa, miguu mbele, akaweka mikono kichwani na kulia.

"Yoooo! Bwana yangu wa kwanza! Umeniacha siku ya kuolewa! Sasa nani atanipa talaka?"

Wapishi waliacha masufuria. Walipoona ni mchezo gani, wakakaa nao, wakaitikia. Kilio kikapanda, kikavuka ukuta, kikaingia ukumbini. Na kilio Kolwezi hakiulizwi mara mbili. Mama Mamie alikisikia, akainuka kitini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akatoka mbio.

"Nani amekufa?"

"Tata Mwamba wa Sandoa," alijibiwa.

Hakuuliza zaidi. Alikuwa amemwona mzee mara moja, siku ya mahari, na kwa mwanamke mwenye kipaji hiyo yatosha. Akajibwaga mkekani, akafungua kifua, na wale wengine wote wakanyamaza kwa heshima, maana hapa palifika fundi wa kilio.

"Eee, Mwamba! Mutu wa mukono wazi! Ulikuja na unga, batu bakashiba! Nani sasa atatuletea unga?"

Kioo cha pikapu kikashuka kidogo.

"Na mbuzi," ilisema sauti kutoka ndani.

Mama Mamie akakatika katikati ya pumzi. Akakitazama kioo. Akaona kofia. Akamtazama Tatiana, ambaye alikuwa ameuma kitenge ili asicheke. Mtu aliyekaa sokoni miaka yote ile haelezwi bei mara mbili. Akafuta uso, akaendelea, sauti juu zaidi.

"Na mbuzi! Alitoa na mbuzi!"

"Mbili," ilisema sauti. "Ku mahari ya Wivine."

"Mbuzi mbili! Eee, Mwamba! Mutu wa maneno tamu!"

"Ni kweli," ilisema sauti.

"Mutu wa sura muzuri!"

Kioo kikashuka chote.

"Mufupi tu kama kisiki," alilia Mama Mamie, "lakini roho yake..."

Mlango wa pikapu ukafunguka kwa kishindo.

"Mufupi nani?"

Tata Mwamba alisimama chini, koti limenyooka, kofia imenyooka, shingo imevutwa mpaka mwisho wa uwezo wake. Na ukweli ni kwamba alikuwa mfupi. Lakini hakuna aliyepata nafasi ya kulisema hilo, kwa sababu wanawake wote walikwisha ruka juu na vigelegele, "Amefufuka! Amefufuka!" na Tatiana alikuwa amemkumbatia babu yake akimwachia poda kotini, na mpiga ngoma wa meza ya kwanza, aliyedhani ndiyo ishara, akaanza kupiga wimbo wa kuingilia. Basi wakaingia hivyohivyo, bibi arusi miguu mitupu, mfu mbele, waombolezaji nyuma. Mechack, aliyekuwa amengoja jukwaani na jasho lake, alisema baadaye kwamba alipoiona arusi yake inaingia na mkeka alifikiri amekosea ukumbi.

Kiti cha mbele kilikuwa wazi. Tata Mwamba akasimama kando yake, akamgeukia Mama Mamie.

"Mama, nani anakaa hapa?"

"Ni kiti yangu," alisema Mama Mamie. "Lakini mufu tunamuachia. Na weye unajua, mutu akikulilia vizuri, haumurudishe nyumbani mikono mitupu."

Mzee akacheka mpaka akashika kiti. Akaagiza ashushiwe jogoo mmoja wa Sandoa, mwekundu, mwenye kelele, na Mama Mamie akampeleka mwenyewe meza ya kumi akamfunga kwenye mguu wa kiti cha mkoba wake. Alikula huko sahani moja. Kisha akarudi meza ya kwanza na kiti kingine alichokitoa nani ajuaye wapi, akala ya pili. Heshima ni heshima.

Kuhusu wengine, hakuna aliyewapanga tena. Bia iliwatafuta wenye bia na limonadi wenye limonadi. Ila meza chache zilibaki kama R ilivyozikunja, kwa uvivu wa kuhama, na mchungaji akajikuta ameelezwa na fundi mmoja kwa nini gari la kanisa linalia likipanda mlima, jambo alilokuwa akiliombea tangu Pasaka.

Ukoo ulikaa kesho yake asubuhi, uani kwa Rémy. Shitaka lilikuwa moja: kumuua mkubwa wa ukoo kwa kompyuta. Rémy alijitetea kwa kirefu. Alieleza safu na mistari, akachora mavumbini kwa kijiti, akaonyesha foleni inavyorudi mwanzo majina yakipungua. Walimsikiliza mpaka mwisho, kwa upole, kama anavyosikilizwa mgonjwa. Kisha wakamtoza mbuzi.

Aliilipa faini hiyo bila kununa. Mama Wivine ndiye aliyekwenda kumchagua mbuzi huyo, maana alihofia mumewe atamwomba kwa mstari na safu.

Mbuzi alipokuwa tayari jikoni, na wengine wamelala kivulini na vikombe vya munkoyo wa mahindi, Tata Mwamba alivuta kiti chake karibu na Rémy.

"Lete ile kintu," alisema kwa sauti ya chini.

"Kintu gani, Tata?"

"Ile iliniua. Nataka kuiona uso."

Rémy akaleta kompyuta, akaifungua magotini, kidogo kwa woga. Mzee akavaa miwani, akakagua kioo, vitufe, waya, kama anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Andika jina yangu."

Rémy akaandika Mwamba. Mwamba akatokea.

"Mara moja tu? Mama wa samaki alipata mbili."

Rémy akafikiri. Kuna amri katika R ya kurudia kitu kimoja mara nyingi utakavyo. Hakuwa amewahi kuona kazi yake halisi, zaidi ya mifano ya darasani. Akaandika jina, akaandika elfu moja, akabonyeza.

Kioo kikajaa. Mwamba Mwamba Mwamba, mstari baada ya mstari, majina yakipanda juu na kupotea, na bado mengine yakija kutoka chini, kama watu wanaotoka misa ya Noeli. Mzee alirudisha kichwa nyuma. Midomo yake ilikuwa inasoma pamoja na kioo.

"Hawa bote ni miye?"

"Bote, Tata."

"Na hizi namba za pembeni?"

"Ni namba ya kiti. Hapa kwa kwanza ni kiti ya kwanza. Hapa chini tumefika karibu elfu."

Tata Mwamba akaifuata idadi hiyo ya viti kwa kidole mpaka chini.

"Rémy," alisema mwishowe, "na hawa bote, chakula yao iko?"

"Hapana, Tata. Iko mbuzi mumoja tu."

"Basi funga," alisema mzee, akivua miwani na kuinuka, "tuende tukule kabla hawajafika."